Mwanafunzi Akilewa, Tumfukuze?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vyuo vyetu hupokea maelfu ya vijana ambao miezi michache nyuma walikuwa wakiishi kwa kengele, matroni na mwalimu wa zamu. Sasa wana ufunguo wa chumba, wana fedha ya mkopo kwenye akaunti, na hakuna wa kuwauliza jana walilala wapi. Wengi huyamudu maisha hayo. Wapo ambao huanza na chupa ya Ijumaa, ikafuata ya Jumatano, na mwisho jina linasomwa kwenye orodha ya waliodisko, yaani walioachishwa masomo.

Sheria tunazo. Tanzania ilitunga Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya mwaka 2015, na mamlaka inayoisimamia ikaanza kazi 2017. Mwaka huohuo, kuanzia Machi 1, viroba vilipigwa marufuku. Lililobaki liko mikononi mwa vyuo vyenyewe: mwanafunzi akikutwa amelewa chakari, au akikutwa na msokoto mfukoni, afanywe nini?

Nimewaketisha watu watano wajadili swali hilo. Sauti zao nimezitunga mimi, ila hoja zao zinasikika Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Morogoro. Yupo Mlezi wa wanafunzi, mama aliyekaa muda mrefu kwenye kamati ya nidhamu. Yupo Mnasihi, kijana aliyesomea saikolojia. Yupo Mwanafunzi, msichana wa mwaka wa tatu na kiongozi wa bweni. Yupo Mzazi, mkulima wa kahawa kutoka Mbinga. Na yupo Mama Grosari, mwenye duka la vinywaji nje ya geti. Hoja iliyo mezani inasema: mwanafunzi anayelewa kupita kiasi au kutumia dawa za kulevya afukuzwe chuo.

Fimbo kwanza?

MLEZI: Naiunga mkono, tena bila kupepesa macho. Kanuni zetu mwanafunzi anazisoma siku ya usajili na kuziwekea sahihi. Chumba kimoja wanalala wanne. Mmoja akirudi saa nane usiku anatapika na kupiga makelele, watatu wana mtihani saa mbili asubuhi. Hao watatu anawatetea nani? Wahenga walisema mchelea mwana kulia, hulia yeye. Tukimwonea haya mlevi mmoja leo, mwakani tutakuwa na kumi.

MNASIHI: Mama Mlezi, hao watatu hata mimi nawatetea. Ninachosema ni kwamba ukimfukuza wa kwanza, wa pili haachi, anajificha. Anahama bwenini, anakwenda kupanga geto mtaani. Huko hakuna mlinzi, hakuna wadeni, hakuna wewe. Kamati itaona kesi zimepungua, itaandika kwenye ripoti kwamba tatizo limekwisha.

MZAZI: Mwalimu, kijana asiyeogopa kitu atajizuiaje? Sisi tulilelewa kwa kuogopa, na tukawa watu.

MNASIHI: Mzee wangu, woga unamsaidia yule ambaye hajaanza. Aliyekwishazoea, woga unamfundisha kuficha tu. Naomba binti aseme, yeye ndiye anayelala bwenini.

MWANAFUNZI: Shikamooni wazazi wangu. Nitasema yaliyotukuta. Nikiwa mwaka wa kwanza, baada ya bashi ya kutukaribisha, mwenzetu alizimika chumbani. Anakoroma kwa shida, mikono imepoa. Tukaanza kubishana. Tukimwita mlinzi, jina lake litaandikwa, na sisi tuliokuwa na chupa chini ya kitanda tutaandikwa pia. Tukammwagia maji, tukamkorogea kahawa, tukamlaza. Kwa bahati aliamka. Mama Mlezi, naomba usinielewe vibaya, lakini usiku ule tuliiogopa kamati yako kuliko tulivyoogopa kifo cha mwenzetu.

MLEZI: Mungu wangu. Na hamkumwambia mtu?

MWANAFUNZI: Ndiyo kwanza nasema leo.

MNASIHI: Hapo ndipo kanuni nzuri inapoweza kuua. Maji ya baridi na kahawa haviondoi pombe mwilini. Ini huisafisha kwa mwendo wake lenyewe, takriban kipimo kimoja cha kinywaji kwa saa, na hakuna cha kuliharakisha. Halafu aliyezimika anaweza kuzidi kulewa akiwa amelala, maana iliyo tumboni bado inaingia kwenye damu. Ukimtikisa haamki, akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi ikikatika kwa sekunde 10, au ngozi ikiwa ya baridi na midomo imegeuka rangi, huyo ni wa hospitali. Mlazeni ubavu ili matapishi yasimkabe, na asiachwe peke yake hata dakika moja.

Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kiliweka mwaka 2002 utaratibu kwamba anayeita msaada wa dharura kwa mlevi haadhibiwi, na mlevi mwenyewe hapelekwi kwenye nidhamu, anapelekwa kwa mshauri. Simu za kuomba msaada ziliongezeka. Ulevi wenyewe haukuongezeka.

MLEZI: Hao wana gari la wagonjwa, sisi usiku tunatafuta bajaji. Lakini hili nalikubali. Anayepiga simu kuokoa roho ya mwenzake asiandikwe popote. Nitalisimamia hata mbele ya seneti. Ila huyo anayeokolewa leo, mwezi ujao anaokolewa tena, na mwezi wa tatu vilevile? Naye tumpigie makofi?

MNASIHI: Mara ya kwanza aje kwangu, tena kwa lazima. Akikataa kuja, arudi kwako.

Bumu, chupa na daftari

MWANAFUNZI: Mnazungumza kama vile pombe inateremka na mvua. Shikeni kalenda. Bumu, ile fedha ya mkopo, likitoka, baa zote za jirani hazina pa kukaa. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini haiji kwa siku, inakuja kwa mkupuo wa karibu siku 60. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kushika laki mbili anaamka na laki sita. Wiki mbili anakula bata, wiki sita anakula mihogo na kukopa.

MAMA GROSARI: Hapo na mimi nisikilizwe, maana mkinitaja mnanitaja kama shetani. Nina leseni, nalipa kodi, nasomesha watoto wawili kwa biashara hii. Anayeingia kwangu ana miaka 20, ana 22, ni mtu mzima kisheria. Nimnyime bia kwa sababu ana kitambulisho cha chuo, halafu bodaboda wa umri wake nimpe?

MNASIHI: Hakuna anayekuomba hivyo, mama. Nakuuliza kingine. Unauza kwa daftari?

MAMA GROSARI: Daftari lipo. Wanachukua, bumu likitoka wanalipa. Asiyelipa anaacha simu.

MZAZI: Yaani mkopo wa serikali unakuja kulipa deni la grosari!

MAMA GROSARI: Mzee, hata muuza chipsi ana daftari.

MZAZI: Chipsi inashibisha, mama.

MNASIHI: Tuseme na hesabu ya chupa. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 200 kwa asilimia 35, ina gramu 55 hivi za kilevi. Bia ya mililita 500 kwa asilimia 5 ina gramu 20. Maana yake, ndani ya chupa inayoingia mfuko wa suruali kuna karibu bia tatu, na bei yake haifiki ya bia tatu. Asiye na hela hanunui bia, ananunua ile. Kisha wanaichanganya na kinywaji cha kuongeza nguvu. Kafeini haipunguzi ulevi, inaondoa tu usingizi, kwa hiyo kijana anajiona mzima na kuongeza nyingine. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliyaonya makampuni manne yaliyokuwa yakiuza vileo vilivyotiwa kafeini kiwandani. Kwetu vijana wanachanganya wenyewe mezani.

MLEZI: Ndiyo maana viroba vilikatazwa! Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza Februari 2017, watu wakasema haitawezekana. Machi ikafika, vile vifuko vikaanza kuondoka madukani. Msiniambie ukali haufanyi kazi.

MNASIHI: Ulifanya kazi, mama, nami nakupa pointi hiyo. Lakini angalia ukali ule ulielekezwa wapi. Uliwaendea watengenezaji na wauzaji. Ulimfanya kijana asiweze tena kulewa kwa sarafu za nauli. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uitwao SAFER wenye mambo matano: kupunguza upatikanaji wa pombe, kuwadhibiti madereva walevi, kuwapima wanywaji mapema na kuwashauri, kuzuia matangazo na udhamini, na kupandisha bei kwa kodi. Humo hamna kumfukuza mtu shule.

MWANAFUNZI: Hilo la udhamini naomba nilikamate. Tukitaka kufanya usiku wa kuwakaribisha fresha, chuo kinatupa ukumbi, basi. Jukwaa, msanii, fulana na vinywaji vya bei poa vinatoka kwa muuza pombe. Mama Mlezi, barua ya kibali si inapita mezani kwako?

MLEZI: Inapita, na huwa naigonga muhuri. Pasipo mdhamini hakuna tamasha, na pasipo tamasha mnaandika kwamba chuo kimekufa.

MWANAFUNZI: Basi siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya mhadhara, fresha anafundishwa na chuo chenyewe kwamba furaha ina chupa.

MZAZI: Wenzetu Kenya wamejaribu. Nasikia baa zao siku za kazi zinafunguliwa jioni tu.

MNASIHI: Ndivyo sheria yao ya vileo ya mwaka 2010 inavyosema: saa 11 jioni hadi saa 5 usiku kwa siku za kazi. Na Julai 2025 walizindua sera ya taifa inayopendekeza umri wa kunywa upande kutoka miaka 18 hadi 21.

MZAZI: Hapo sawa! Nasi tuige.

MNASIHI: Tuige kwa macho mawili, mzee. Marekani iliyabana majimbo yake yote kwa sheria ya mwaka 1984 yakubali miaka 21, na vifo vya vijana barabarani vilipungua kweli. Hata hivyo mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya 100 walitaka suala hilo lijadiliwe upya. Walisema vijana wao wamehamia vyumbani, wanakunywa upesiupesi kabla hawajakamatwa. Kwetu, ukiweka 21 bila kufanya lingine, mwaka wa kwanza na wa pili wote wanahamia geto. Saa za baa, bei na udhamini vinamfikia kila mtu. Umri unamfikia anayekaguliwa.

"Si kila mtu anakunywa?"

MZAZI: Nimwulize binti. Kwa nini mnakunywa? Shida gani mnayo ambayo sisi hatukuwa nayo?

MWANAFUNZI: Baba, wengine ni mawazo. Wengine wameachwa, wengine wamesapu, wanarudia mitihani. Lakini wengi hawana shida yoyote. Ukija chuoni unaona kila mtu anakunywa, nawe hutaki kuonekana mshamba.

MNASIHI: Kila mtu? Bwenini kwako, katika wasichana 100, wanaokunywa kila wiki ni wangapi?

MWANAFUNZI: Sabini hivi. Au... ngoja. Wapo wa mikesha ya Ijumaa, wapo wa darsa, wapo wanaouza maandazi vyumbani ambao saa tatu wamelala. Nikiwahesabu kwa majina, hawafiki hata thelathini.

MNASIHI: Umeona? Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walionyesha jambo hilihili: wanafunzi huwakadiria wenzao unywaji mkubwa kuliko ulivyo, kisha hujivuta kuufikia. Mlevi anasikika hadi ghorofa ya nne. Aliyelala hasikiki. Kwa hiyo kijana anaiga chuo ambacho hakipo.

MLEZI: Basi tuzidishe mabango. Tuweke picha za mateja, za maini yaliyooza, waone.

MNASIHI: Wakiona wanacheka, mama. Bango linasema utakufa, na chumba cha pili yupo aliyekunywa jana na leo amepata A. Marekani walianzisha mwaka 1983 kule Los Angeles mpango wa D.A.R.E., askari polisi wakiingia madarasani kuwaonya watoto. Ulienea nchi nzima, ulipendwa na wazazi, lakini tafiti nyingi zilizoupima zilikuta haukupunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Klabu za kupinga dawa za kulevya tulizonazo vyuoni ni jambo jema, ila zisiishie kwenye fulana na maandamano. Zifundishe kukataa glasi bila kuchekwa, kumhudumia aliyezimika, kumtambua mwenzako anayeteleza.

MZAZI: Anayeteleza utamtambuaje kabla hajaanguka?

MNASIHI: Kwa kumwuliza. Kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, lina maswali 10: unakunywa mara ngapi, ukikaa unakunywa kiasi gani, umewahi kushindwa kukumbuka ya jana, umewahi kumwumiza mtu. Si la kizungu tupu, mzee. Lilipotayarishwa na kuchapishwa mwaka 1993 lilijaribiwa katika nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo. Alama 8 na kuendelea ni onyo. Wengi wa watu hao hawahitaji wodi, wanahitaji mazungumzo. Chuo Kikuu cha Washington, kwa kazi ya Alan Marlatt na wenzake, kina utaratibu wa vikao viwili tu. Mwanafunzi anaorodhesha alichokunywa, kilimgharimu kiasi gani, kilimpotezea nini, kisha anapanga mwenyewe atapunguza vipi. Hahubiriwi. Na njia hiyo imepimwa, inapunguza madhara.

MLEZI: Mlevi atakudanganya kwenye hayo maswali yako kumi.

MNASIHI: Atadanganya kama anajua karatasi inakuja ofisini kwako.

Bangi, biskuti na anayeuza

MLEZI: Tuache pombe, hiyo ni halali. Bangi ni jinai, kuitumia ni kosa, kuwa nayo ni kosa. Chuo kikijua kikanyamaza, kinaficha uhalifu. Mnasihi, hapo una jibu?

MNASIHI: Ninalo, ingawa halitakupendeza lote. Kwanza tuwaambie vijana ukweli ulivyo. Bangi ya leo si ile wanayoisimulia wajomba zao. Aina iitwayo skanka ina kemikali ya kulevya nyingi zaidi. Anayevuta kila siku, na hasa ambaye kwao kuna historia ya ugonjwa wa akili, yuko karibu zaidi na siku atakayoanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Ubongo unaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, na chuoni tuna wa miaka 19.

MWANAFUNZI: Siku hizi wengi hawavuti, maana moshi una harufu. Wanakula. Biskuti, keki.

MNASIHI: Na hiyo ina mtego wake. Ukivuta unalewa kwa dakika chache. Ukila, inaweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili. Kijana anaona haijamkolea, anaongeza ya pili na ya tatu. Zikifika zote kwa pamoja, moyo unakwenda mbio, anaamini anakufa. Wakati huo anahitaji mtu wa kumpeleka zahanati, na wenzake wanaogopa, kama alivyotusimulia binti.

MZAZI: Mimi wangu ningemrudisha Mbinga nikamfungia ndani wiki mbili. Akitoka, kila kitu kimeisha.

MNASIHI: Mzee, usifanye hivyo, hasa kwa mlevi wa pombe. Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa wingi, ukimkatia ghafla, anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Kumwachisha ni kazi ya hospitali. Hata kwa heroini, serikali haikuchagua kufungia watu. Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni, baadaye Mwananyamala, Temeke, Itega kule Dodoma na kwingineko. Lakini methadoni ni ya waraibu wa heroini na jamii yake. Bangi na pombe hazina kikombe cha dawa cha namna hiyo. Zina ushauri, muda na watu wa kukaa nawe. Ndiyo maana tukichelewa, tumechelewa kweli.

MLEZI: Na muuzaji? Naye apewe ushauri?

MNASIHI: Hapana. Anayeuza kwa wenzake atoke, na sheria ichukue mkondo wake.

MAMA GROSARI: Nyinyi mnamwongelea muuzaji kama jini. Sisi wa nje ya geti tunawajua. Kuna bodaboda inakuja saa mbili usiku, haijawahi kupakia abiria.

MLEZI: Kwa nini husemi, mama? Mamlaka ina namba ya bure, 119.

MAMA GROSARI: Kupiga ni bure. Kujulikana kwamba ni mimi niliyepiga ni ghali. Nalala palepale dukani.

MLEZI: Basi chuo kipige. Nipe taarifa, jina lako nitakufa nalo.

MAMA GROSARI: Ukiweza kunitunzia siri mimi mwenye grosari, watunzie na watoto wako.

Mzazi aambiwe?

MZAZI: Siri, siri! Mimi ndiye niliyeuza kahawa akaenda shule. Mwanangu akiwa mlevi nataka simu siku hiyohiyo. Ninyi mtamjulia nini kuliko mimi?

MWANAFUNZI: Baba, nakuheshimu kama mzazi wangu. Lakini nikijua Mnasihi atakupigia, sitakwenda kwake.

MZAZI: Na mimi nikigundua mwaka wa tatu kwamba ulidisko mwaka wa kwanza, na ada nimekuwa nikituma? Nimeyaona kijijini kwetu. Kijana anavaa tai, anaaga anakwenda chuo, kumbe chuo kilimtoa zamani. Mngetuambia mapema, tungemwokoa.

MNASIHI: Uchungu wako una haki, mzee. Ila aliyefika miaka 18 ni mtu mzima, na maneno anayonipa ni yake. Ninavunja siri pale tu uhai wake au wa mwingine unapokuwa hatarini. Nikivunja zaidi ya hapo, kesho ofisi yangu haina mteja, nawe hutapata simu wala mwanao hatapata msaada.

MLEZI: Tuna njia ya kati, na ni ya kwetu. Mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia baba, kuna shangazi, kuna mjomba. Siku ya usajili kila mwanafunzi aandike mtu mmoja mzima anayemwamini, aseme mwenyewe kwamba nikizidiwa, apigiwe huyu. Asiwe lazima baba. Huyo shangazi atajua namna ya kufikisha nyumbani.

MZAZI: Shangazi yake nampata. Hapo tumeelewana nusu.

MWANAFUNZI: Nusu inatosha kuanzia, baba.

Hukumu ya mwandishi

Kwa jinsi hoja ilivyowekwa mezani, imeshindwa. Kumfukuza kila anayelewa au anayevuta kunasafisha takwimu za kamati na kuwasukuma vijana mahali ambapo hakuna wa kuwaona. Mlezi alishinda mahali pamoja pakubwa: wale watatu wanaotaka kulala wana haki, na mnasihi asiyewakumbuka anamhurumia mtu mmoja kwa gharama ya wengine. Mzazi naye alisema kweli kwamba ukimya wa chuo umezidhulumu familia nyingi.

Mjadala wenyewe, hata hivyo, uliamuliwa na kitu kimoja ambacho wote walikirudia bila kupanga: nani anashika karatasi. Mwanafunzi aliyezimika hakuitiwa msaada kwa sababu ya karatasi. Maswali kumi yatajibiwa kwa uongo kwa sababu ya karatasi. Mama Grosari hapigi simu, na binti hataki kwenda kwa mnasihi, kwa sababu hiyohiyo. Ofisi inayoadhibu na ofisi inayosaidia zikitumia jalada moja, yote mawili yanaharibika: adhabu inawakosa wauzaji, na msaada unawakosa wagonjwa.

Kwa hiyo naungana na wanaotaka majalada yatenganishwe. Anayeuza dawa za kulevya atoke chuoni na afikishwe panapohusika. Anayewasumbua wenzake aadhibiwe kwa usumbufu wake. Anayeomba msaada, awe kwa nafsi yake au kwa mwenzake, asiadhibiwe kwa alichokunywa au kutumia, na atakayoyasema kwa mnasihi yasifike kwenye kamati. Dodoso la AUDIT lijazwe wiki ya usajili na lirudiwe baada ya bumu la kwanza. Tamasha la kuwakaribisha wapya lisidhaminiwe na muuza pombe, hata kama msanii atakuwa wa hapohapo chuoni. Wenye grosari wa jirani waitwe mezani kama alivyoitwa huyu wetu, waombwe jambo moja linalowezekana: wasiwakopeshe wanafunzi pombe.

Mengine yaliyogusiwa mezani yatachukua muda. Bumu la kila mwezi badala ya mkupuo linahitaji Bodi ya Mikopo, na kodi ya chupa ndogo inahitaji Bunge. Kanuni ya kutomwadhibu anayeomba msaada haihitaji vyote hivyo. Inahitaji kikao kimoja cha baraza la chuo na ukurasa mmoja kwenye kitabu cha mwanafunzi. Wakuu wa vyuo, anzeni na ukurasa huo kabla fresha wa mwaka huu hawajapokea bumu lao la kwanza.